Mtiririko na Kinai: Sauti Moja na Rangi Moja katika Kiswahili

Katika insha za wanafunzi wa fasihi, na mara kwa mara katika tahakiki zilizochapishwa, kuna hukumu inayorudi kila linapojadiliwa shairi refu la kimapokeo: shairi hili linachosha kwa sababu vina vyake havibadiliki. Hukumu hiyo imebeba madai mawili. La kwanza linahusu shairi lenyewe, na yeyote anaweza kulithibitisha kwa kufuatilia silabi. La pili linahusu msomaji: amechoka. Baina ya madai hayo limewekwa neno "kwa sababu", na hapo ndipo penye kasoro, kwani uhusiano huo haujathibitishwa na mtu. Umechukuliwa tu kuwa ni jambo lililo wazi. Makala haya yanaupinga. Nadai kwamba Kiswahili, katika msamiati wake wenyewe, kimetenga hali ya kitu kuwa kimoja na hali ya mtu kuchoshwa nacho. Kwamba arudhi yetu imejengwa juu ya utengano huo. Na kwamba mhakiki anayeupuuza hupitwa na kazi kubwa inayofanywa na sauti katika tungo zetu kongwe.

Msamiati

Kiingereza kina neno moja, lenye asili ya Kigiriki, ambalo husema kwa pamoja kwamba sauti ni moja na kwamba inachosha. Mfasiri anayetafuta mlingano wake hulazimika kuchagua. Akisema "-a sauti moja", uchovu unapotea. Akisema "-enye kuchosha", sauti inapotea. Wapo wanaoliona hilo kuwa pengo linalosubiri istilahi mpya. Mimi naona kwamba lugha ilikwisha kupambanua jambo ambalo istilahi hiyo ingelivuruga.

Maneno ya kueleza kwamba vitu havitofautiani si haba. "Moja" husema hakuna cha pili. "Ule ule", "kile kile", "yale yale", kwa kurudufu kionyeshi, husema kilichokuja leo ndicho kilichokuwapo jana. "Sawa" hupima viwili na kukuta havikuzidiana. "Sare" husema vimefanywa vifanane kwa makusudi, kama nguo za wanafunzi au vitenge vya upande wa bibi harusi. "Mamoja" huuhamishia ufanano moyoni mwa msemaji: anayesema kwake ni mamoja hadai kwamba vitu havina tofauti, anadai kwamba tofauti hiyo haimgusi. Katika orodha hiyo yote hakuna neno lenye uchovu ndani yake. "Yale yale" hulikaribia eneo hilo, hasa likitamkwa na mpiga kura aliyezisikia ahadi nyingi. Hata hivyo uchovu huo umo katika namna ya kulitamka, na neno lenyewe linaweza kutumika bila manung'uniko yoyote. Kinyume chake, baadhi ya misemo ya ufanano ni sifa. Kikao kikipitisha jambo kwa sauti moja, kimefaulu. Mtu anayebadilika kila saa huitwa kigeugeu, na hakuna anayependa kuitwa hivyo.

Upande wa pili kuna kuchoka, kuchosha, kuchusha, kukifu na kukinai. Vitenzi hivi vyote vina mtu ndani yake. Haviwezi kuelezwa bila kumtaja mwenye mwili au moyo uliofikwa na hali hiyo. Kukinai kunastahili kuangaliwa zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuridhika na kile ulichonacho. Mkinaifu ni mtu asiye na tamaa. Kutoka hapo maana imesogea hadi kwa aliyeshiba mno kiasi cha kutotaka tena. Kwa hiyo kitenzi kile kile hubeba utoshelevu na uchovu, na kinachoamua ni kipimo cha mpokeaji. Sijui namna bora zaidi ya kusema kwamba uchovu hauko katika chakula.

Lugha haikosi njia ya kukilaumu kitu chenyewe, bila shaka. Mchuzi usio na ladha ni chapwa. Kitu kisicho na thamani wala mvuto ni dufu. Lakini maneno haya hulaumu upungufu. Mchuzi chapwa umekosa chumvi, na wali wa nazi unaopikwa kila Ijumaa haugeuki chapwa kwa kule kurudiwa. Tofauti hiyo, kati ya kilichopungukiwa na kilichorudiwa, ndiyo nitakayoitumia nitakapofika kwenye mashairi.

Rangi kamili na rangi ya kulazimishwa

Katika rangi, ushahidi ni wa aina nyingine. Majina ya rangi yamegawika katika matabaka mawili. "-eupe", "-eusi" na "-ekundu" ni vivumishi halisi, vinavyopokea viambishi vya ngeli. Rangi nyingine nyingi zimeazima majina ya vitu: kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa, kijani ni cha jani, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha pilau na mchuzi. Zile tatu za kwanza zimepewa kila moja tanakali yake: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu. Hazibadilishani nafasi. Hakuna anayesema "nyeupe ti", na mtoto mdogo akisema hivyo atarekebishwa papo hapo.

Tanakali hizi husema nini? Husema kwamba hakuna rangi nyingine iliyoingia. Kanzu nyeupe pe haina doa, haina kivuli cha njano, haina sehemu iliyofifia. Tunapotafuta maneno ya Kiswahili ya rangi isiyo na mabadiliko, haya ndiyo tunayoyakuta, na yote yanasifu au, kwa uchache, yanashangaa. Ukosefu wa mchanganyiko umetafsiriwa kuwa ukamilifu. Ndivyo ilivyo kwa "giza totoro" na "kimya jii" pia: giza na kimya vilivyofika ukomo wake. Na umbo la maneno yenyewe lina la kufundisha. Pe, ti na pyu ni silabi moja moja, hazina kiambishi, hazinyambuliki. Maneno ya mchanganyiko ndiyo yaliyojaa urudufishaji: madoadoa, mabakabaka, marakaraka. Kiswahili kimetumia marudio ya sauti kueleza uwingi wa rangi, na silabi moja isiyorudiwa kueleza rangi moja. Anayedhani kwamba marudio na ufanano ni jambo moja ana kazi ya kufafanua hapo.

Hata hivyo rangi moja haina maana moja katika historia, na lingekuwa kosa kuisifu bila kutazama nani aliichagua. Katika karne ya 19, baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani iliingia Zanzibar kwa wingi, ikaitwa merikani. Ilikuwa nguo rahisi, na watumwa wengi walivalishwa hiyo. Wanawake waliitia nila ikawa nyeusi au buluu nzito: hiyo ndiyo kaniki. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 juu ya maisha ya mjini Zanzibar baina ya 1890 na 1945, ameonyesha jinsi watu waliotoka utumwani baada ya amri ya 1897 walivyoziacha merikani na kaniki na kukimbilia kanga zenye rangi na michoro. Nguo ya rangi moja ilikuwa alama ya mtu asiyechagua. Waliichukia, na walikuwa na haki.

Lakini tazama walichokichukua badala yake. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana kwa kila kitu: pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile. Wanawake wa ukoo mmoja au wa kikundi kimoja walinunua kanga za aina moja ili waonekane pamoja katika shughuli, na desturi hiyo inaendelea hadi leo. Ufanano haukutupwa, ila ulibadilisha mwenyewe: kilichokuwa alama waliyotiwa kimekuwa ahadi waliyopeana. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya ufanano wowote, wa rangi au wa sauti, ni nani aliyeuweka pale na kwa kazi gani.

Silabi ya mwisho

Wanaarudhi wetu wana istilahi tatu za kupima jinsi vina vinavyobadilika katika shairi zima. Ukaraguni ni shairi ambalo kila ubeti una vina vyake. Ukara ni lile ambalo vina vya upande mmoja, wa kati au wa mwisho, hubaki vile vile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho huku vya upande wa pili vikibadilika. Mtiririko ni lile ambalo vina vyote, vya kati na vya mwisho, havibadiliki hata mara moja. Kutobadilika kumepewa jina la maji yaendayo bila kukatika. Methali isemayo "chururu si ndo ndo ndo" ina mtazamo uo huo: kinachochuruzika bila kusita hujaza haraka kuliko kinachodondoka na kupumzika. Washairi wa Kiarabu, ambao tungo zao zimesomwa katika pwani yetu kwa karne nyingi, walifika mbali zaidi. Kasida nzima hufuata herufi moja ya mwisho, na nyingine hujulikana kwa herufi hiyo. Hamziyya ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, ambayo Sayyid Aidarus bin Athumani wa Pate aliitia katika Kiswahili, imepata jina lake kutokana na hamza inayofunga beti zake. Shairi limeitwa kwa sauti yake isiyobadilika.

Utenzi una mpango wa katikati. Kila ubeti una vipande vinne, kwa kawaida vya mizani minane. Vitatu vya kwanza vina kina chao, kinachobadilika ubeti hadi ubeti, na cha nne kina kina kikuu ambacho hakibadiliki kamwe. Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na ambao ni miongoni mwa miswada mikongwe ya Kiswahili yenye tarehe, una beti zaidi ya 1,000 katika mpango huo. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert una beti 3,000 hivi. Kama kutobadilika kwa kina ndiko kunakochosha, inabidi tueleze kwa nini wasikilizaji walikaa usiku kucha wakisikiliza tenzi zikighaniwa, na kwa nini watunzi waliendelea kuzitunga kwa zaidi ya karne mbili.

Maelezo ya kawaida ni mazoea: watu walizoea. Hayatoshi. Kuna sababu ya kifonolojia ambayo inastahili uzito mkubwa kuliko inaopewa. Kiswahili hakina toni za kileksika kama lugha nyingi za Kibantu; kina mkazo, nao, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kina, kwa upande wake, ni silabi ya mwisho. Maana yake ni kwamba kina cha Kiswahili huangukia mahali ambapo sauti imekwisha kushuka. Katika ushairi wa Kiingereza kina huanzia kwenye irabu yenye mkazo, kwa hiyo sikio hupigwa pale panapouma. Kurudia kina kimoja mara 1,000 katika lugha hiyo kungekuwa adhabu. Kwetu, silabi yenye nguvu iko huru kubadilika huku silabi nyepesi ikibaki. Chukua kina cha -ka: ruka, shaka, cheka, shika, choka. Irabu zote tano za Kiswahili zimepita chini ya mkazo, na kina hakijaguswa. Kinachorudiwa ni kile kinachosikika kidogo. Kinachosikika zaidi kinabadilika kila mara. Anayesema vina hivyo ni vya sauti moja amesikia nusu ya neno.

Zaidi ya hapo, sikio la Mswahili limelelewa na sarufi inayorudia sauti. "Watoto wale wawili wadogo wamelala" ni sentensi ya kawaida kabisa, na silabi ya -wa- imerudi mara tano bila mtu kuiona kuwa pambo. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotujulisha nani amelala. Katika lugha ya namna hiyo sauti inayorudi ni taarifa: inakwambia kwamba tungali tunasema juu ya jambo lile lile. Kina kikuu cha utenzi hufanya kazi hiyo kwa kiwango cha utungo mzima. Msikilizaji asiye na karatasi mkononi anajua ubeti umefungwa, anajua safari ni ile ile aliyoianza, na anayeghani anajua mahali pa kuvuta pumzi.

Hadi hapa nimetetea kina kimoja kuwa ni kitu kinachovumilika. Nataka kudai zaidi ya hilo: kwamba katika kazi bora, kina kimoja hubeba maana ambayo kina kinachobadilika kisingeweza kuibeba.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni utungo wa beti zisizozidi 80, uliotungwa takribani miaka 200 iliyopita, juu ya kuanguka kwa utajiri wa Pate na juu ya moyo unaodanganywa na dunia. Kila ubeti hufungwa kwa -ye. Katika lahaja za kaskazini silabi hiyo inaweza kutoka mahali kadhaa: inaweza kuwa kirejeshi, inaweza kuwa kimilikishi kilichoungwa na nomino, na inaweza kuwa mwisho wa umbo la kitenzi la -iye, ambalo Kiswahili sanifu kimelipoteza. Umbo hilo husema kwamba tendo limekwisha kutendeka na hali yake ingali ipo: aliyelala angali amelala, kilichotanda kingali kimetanda. Sasa soma sehemu ya majumba yaliyohamwa, pale ambapo ndege na wadudu wameshika nafasi ya waungwana. Beti kadhaa hufungwa kwa vitenzi vya umbo hilo hilo. Kila taswira ni mpya: hapa madaka, hapa kumbi, hapa vitanda. Kila mara sauti ya mwisho ni ile ile, na sauti hiyo ni sarufi ya jambo lisiloweza kurudishwa. Mshairi hakuhitaji kusema kwamba kila nyumba ilifikia mwisho mmoja, kwa kuwa sikio limekwisha kuusikia mwisho huo mmoja mara baada ya mara. Ukiubadilisha utungo huo kuwa ukaraguni, ukaupa kila ubeti mwisho wake, utakuwa umekanusha hoja yake: utakuwa umesema kwamba majumba yalianguka kila moja kwa namna yake.

Utenzi wa Mwana Kupona unafanya jambo linalokaribiana na hilo kwa nyenzo tofauti. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia wasia binti yake. Beti zake 102 huishia kwa -ia. Hapa hoja yangu ya mkazo haimsaidii, kwani irabu ya i inayotangulia ndiyo yenye mkazo, nayo pia inarudi. Mama huyu amejitwisha mzigo mzito zaidi kuliko Sayyid Abdalla. Lakini -ia ni mwisho wa kauli ya kutendea, kauli inayoelekeza tendo kwa mtu. Kuamba ni kusema; kuambia ni kusema na mwenye masikio. Vitenzi vingi vinavyofunga beti za utenzi huo ni vya umbo hilo, na matokeo yake ni kwamba kila shauri, liwe la dini, la adabu mbele ya watu au la kuishi na mume, hufikia mwisho wake likiwa limemwelekea mtu mmoja. Binti anasikia kwa sauti kwamba hakuna neno lililosemwa hewani. Msomaji wa leo ana haki ya kubishana na mashauri yenyewe, na wengi wamefanya hivyo, hasa katika suala la utii wa mke. Kinachonihusu ni kwamba ubishi huo ungekuwa mwepesi zaidi kama umbo lisingekuwa na nguvu.

Malalamiko ya haki

Wale waliouasi ushairi wa vina katika miaka ya 1970 hawakuwa wajinga, na watetezi wa mapokeo wamewatendea vibaya kwa kuwachukulia hivyo. Sheikh Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954 alihifadhi elimu iliyokuwa ikipokewa kwa mdomo, na tunamshukuru. Lakini sheria zikifika mikononi mwa watunzi wa haraka zilizaa mashairi mengi ambayo hayakuwa na kitu isipokuwa kuzitii. Euphrase Kezilahabi katika Kichomi cha 1974, kisha Mulokozi na Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya 1979, walisema wazi kwamba vina na mizani peke yake havimfanyi mtu kuwa mshairi. Nani anaweza kukataa?

Swali ni walichokuwa wakikisikia walipochoka. Shairi dhaifu la mtiririko huchosha kwa namna inayotambulika. Mtunzi amekwama kwenye kina, kwa hiyo anaanza kuyakata maneno, na hiyo ni inkisari. Anayarefusha, na hiyo ni mazida. Anazigeuza irabu za mwisho, na hiyo ni tabdila. Anaupindua mpangilio wa sentensi bila sababu ya maana. Uhuru huo wa mshairi ni halali pale unapoleta kitu. Unapotumiwa kulipia kina tu, msomaji anahisi kwamba neno limeletwa kwa ajili ya silabi yake. Au mtunzi anachukua njia ya mteremko: anafunga kila ubeti kwa kitenzi cha kutendea hata pasipokuwa na wa kutendewa, ilimradi -ia ipatikane. Shairi hilo ni chapwa, na ninalitumia neno hili kwa maana yake kamili. Limepungukiwa. Upungufu wake uko katika maneno, wala hauondoki kwa kubadilisha kina. Mtunzi huyo huyo akitunga ukaraguni, atatuletea beti zenye vina tofauti na utupu ule ule. Magazeti yetu yamechapisha mashairi ya kutosha ya aina zote mbili kuthibitisha hilo.

Ushairi huru nao haukuacha kurudia. Uliacha kina, ukashika takriri ya neno na ya kifungu kizima, na Kezilahabi ni miongoni mwa mabingwa wake. Na wakati wahakiki wakijadili kama vina vimekufa, vijana wa hip hop wa Dar es Salaam na Nairobi wamevichukua bila kuomba ruhusa. Wanaviita vina, vile vile kama Sheikh Amri, na wanashindana nani ataweza kukibeba kina kimoja mistari mingi zaidi bila kuishiwa na la kusema. Kipimo chao, kama nilivyokisikia kikitumika, ni kile nilichokipendekeza: mwenye kurudia sauti huku maana ikipanda anashangiliwa, mwenye kurudia sauti kwa kujaza nafasi anazomewa. Hawajasoma arudhi, lakini wanautofautisha mtiririko na kinai kwa uhakika kuliko baadhi ya vitabu vya kiada.

Kuna neno la kuwaambia wanaotunga istilahi pia, katika BAKITA, BAKIZA na TATAKI. Kila mara hujitokeza pendekezo la kuunda nomino moja itakayomaanisha sauti au rangi isiyobadilika na, kwa hiyo, yenye kuchosha. Istilahi kama hiyo isiundwe. Tuna "mtiririko" kwa umbo, "takriri" kwa mbinu, "sare" kwa makusudi, "kinai" kwa mpokeaji na "chapwa" kwa upungufu wa kitu. Kuzikusanya maana hizo katika neno moja kutampa mhakiki hukumu ambayo hakuifanyia kazi.

Walimu na watahini nawaomba jambo dogo zaidi. Mtihani wa ushairi katika shule zetu humtaka mwanafunzi atambue kwamba shairi ni la mtiririko, apate alama yake, kisha aende swali linalofuata. Ongezeni swali moja: kina hiki kisichobadilika kinafanya kazi gani katika ubeti wa mwisho ambayo hakikuifanya katika ubeti wa kwanza? Mwanafunzi akijibu kwamba hakifanyi kazi yoyote, na akaonyesha kwa mfano ni wapi neno limepindwa au limejazwa kwa ajili ya silabi, apewe alama zote. Akiandika tu kwamba shairi linachosha kwa sababu vina vyake ni vile vile, asipewe kitu.